Kandambili Yangu na Kichwa cha Zimwi

Kitendawili, wajukuu zangu!

Semeni "tega" hukohuko mliko, nitasikia.

Jioni hula maini ya watu, asubuhi huchagua mchicha sokoni na kulalamikia bei kama mimi na wewe. Ni nani?

Mmeshindwa? Nipeni mji… Mmenipa Bangkok? Haya, nimekwenda, foleni imenishinda, nimerudi. Jibu ni mwigizaji wa zimwi.

Sasa sikieni nilichomfanyia.

PAAA!

Kandambili yangu ilitua utosini mwake!

Si begani. Si mgongoni. Utosini! Na hapa kwetu Suphanburi kichwa cha mtu ni kitu cha heshima, hata cha mtoto hukishiki ovyo. Kiatu kichwani ni kumtukana mtu pamoja na waliomzaa.

"Mla maini mkubwa wewe!" nikapiga kelele. "Leo utawatapika wote!"

Soko zima likasimama. Mama Lamduan, jirani yangu wa meza anayetwanga saladi ya papai bichi, akabaki na mchi wake hewani. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu kama mishumaa ya hekaluni.

Na yule mwanamke… Kanlaya… mwigizaji anayejulikana nchi nzima…

Hakunirudishia. Hakunitukana.

Alipiga magoti palepale kwenye sakafu yenye magamba ya samaki, akakutanisha viganja mbele ya paji la uso, akaniinamia.

"Nisamehe, Bibi," akasema. "Nimekuudhi."

Mimi nimempiga, yeye ananiomba radhi!

Akaokota mfuko wake wa mboga, akaondoka taratibu. Soko likalipuka kwa vicheko na makofi. Mimi nikasimama pale, kandambili mkononi, kama bondia aliyeshinda mkanda.

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana nimewarukisha.

Mimi ni Bibi Thongbai. Nauza ndizi za kuchoma, zile za kubanwa bapa na kumwagiwa shira ya nazi. Shule niliishia ya msingi, lakini tamthilia nazijua. Tena hii iliyokuwa ikionyeshwa, Kiapo cha Saengdao, nilikuwa naijua kama njia ya kwenda kwangu.

Saengdao alikuwa mke wa mtu. Mumewe akamsaliti, akatupwa msituni, akala kiapo kibaya, akageuka zimwi la kula maini. Kila ikifika jioni, taarifa ya habari ikiisha, tunakaa kuangalia leo kaliwa nani. Na aliyekuwa akimwigiza ndiye huyo Kanlaya.

Sasa tamthilia ilipokaribia mwisho, zimwi likaanza kubadilika. Mara limemwacha mtoto mchanga bila kumgusa. Mara tumelikuta linalia kando ya mto.

Basi sokoni ikawa vita!

"Asamehewe?" Mama Lamduan alikuwa anatwanga papai kwa hasira. "Amemaliza kijiji kizima, halafu adondoshe machozi mawili, basi yaishe? Mume wangu amekula mshahara tu na sijamsamehe!"

"Lakini yule alisalitiwa, Mama," akasema Phol, muuza samaki.

"Na mimi je? Umeniona nakula maini ya mtu?"

"Bado. Ila mumeo naona anakonda."

Tukacheka mpaka Phol akadondosha kambare.

"Bibi Thongbai, we unasemaje?" Lamduan akaniuliza. "Asamehewe au achomwe?"

"Achomwe!" nikasema. "Mpaka jivu!"

Kelele za soko ni kama mvua, hulowi peke yako. Wote walikuwa wanasema achomwe, na mimi nikasema. Tena kwa sauti ya juu kuliko wote.

Siku chache baadaye Kanlaya akapita sokoni kwetu. Yaliyofuata mmeshayasikia.

Ile klipu ilisambaa kama moto wa nyasi kavu! Kabla sijauza ndizi za asubuhi ya pili, waandishi wamejaa mezani kwangu.

"Bibi, kwa nini ulimpiga?"

Nikafumba jicho moja, nikamkazia yule mwandishi lile la pili kana kwamba simwoni vizuri.

"Uzee, mwanangu," nikasema. "Macho yangu mabovu. Nilidhani ni lile zimwi lenyewe limetoka kwenye runinga."

Nchi nzima ikacheka. Ooh, maskini bibi wa watu! Ooh, mapenzi ya tamthilia! Wakanibatiza jina, Bibi Kandambili. Watu wakawa wanatoka mikoa ya mbali kuja kupiga picha na mimi, na wakishapiga picha, wananunua ndizi.

"Siku hizi mwenzetu staa," Mama Lamduan akanichokoza. "Tukikusalimia tunatozwa?"

"Wewe nakusamehe, ukinipa saladi."

Nilikuwa nacheka… lakini usingizi ulikuwa umenihama.

Wajukuu zangu, sogeeni.

Macho yangu hayana ubovu wowote. Mpaka leo natia uzi kwenye sindano bila miwani.

Nilijua ni Kanlaya. Nilimjua tangu anaingia na kofia yake ya ukindu!

Siku ile ndizi zangu zilikuwa zimelala. Kanlaya alisimama kwa Mama Lamduan kununua saladi, watu wote wakahamia huko na simu zao. Kwangu hapakubaki hata nzi. Nikaziangalia zile simu. Nikakumbuka bibi mmoja wa mkoa mwingine, aliyemfinya mwigizaji wa wabaya stendi, akawa maarufu.

Nikavua kandambili.

Nilitafuta kiki! Mtu mzima na mvi zangu, nilitafuta kiki kwa utosi wa mtoto wa mwenzangu.

Nikajiambia, aah, yule ni staa, ameshazoea, atasahau. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijibembeleza kila nikilala.

Mpaka kituo cha runinga kilipompigia simu jirani yangu, kikinitafuta mimi.

"Bibi Kandambili?" Alikuwa bosi mwenyewe, Bwana Wirot. "Tunarekodi sehemu ya mwisho. Zimwi linakamatwa na wanakijiji, linachomwa moto. Kabla halijachomwa, wewe utatoka kwenye umati na kulipiga. Kwa kandambili ileile!"

"Mimi? Kwenye runinga?"

"Wewe! Na kuna kampuni ya ndizi kavu inataka sura yako kwenye pakiti."

Sura yangu kwenye pakiti! Niseme uongo gani tena? Nilifurahi. Niliifua ile kandambili kwa sabuni, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda.

Walikuwa wanarekodia kwenye hekalu la zamani kando ya Mto Tha Chin. Wakanikalisha mbele ya kioo, dada mmoja anaitwa Jum akaanza kunipaka vumbi la bandia.

"Nipake nipendeze," nikamwambia.

"Bibi, wewe ni mwanakijiji mwenye njaa. Ukipendeza nafukuzwa kazi."

Tukacheka. Mdomo wa Jum ulikuwa haupumziki, ndiyo kazi ya watu wa vipodozi.

"Lakini huu mwisho umetuuma sote," akasema. "Haukuwa hivi. Mwandishi aliandika zimwi litubu."

"Litubu vipi?"

"Linakuja mchana kweupe hapo uwanjani. Linasimama mbele ya mama wa mtoto liliyemla, linasema, 'Ni mimi.' Basi. Halijitetei, halisemi nilisalitiwa. 'Ni mimi.' Hapo ndipo zile kucha zinadondoka moja moja, linarudi kuwa mtu. Bibi, tulipousoma hata mafundi wa taa walilia!"

"Sasa mbona linachomwa?"

Mkono wa Jum ukasimama. Akaniangalia kwenye kioo.

"Si wewe, Bibi?"

"Mimi nini?"

"Bosi aliiona klipu yako. Akasema kama hata bibi kizee anashindwa kujizuia mpaka anampiga mtu sokoni, basi watazamaji hawataki msamaha, wanataka moto. Akaufuta."

Nikajiona kwenye kioo, nimepakwa vumbi.

"Na Kanlaya alisemaje?"

"Aseme nini? Maisha yake yote ameigiza wabaya. Mchawi, mama wa kambo, hawara. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kutubu kwenye runinga…"

Jum akaenda kuchukua wanja. Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Kanlaya akiongea kwenye simu, ameiweka kwenye spika kwa sababu kucha za zimwi zilikuwa hazimruhusu kuishika.

"Fai, umekula mwanangu?"

"Nimekula. Mama, leo ndiyo unakuwa mzuri?"

Nikasikia kucha zikigonga meza.

"Mama? Niliwaambia shuleni. Niliwaambia mwishoni mama yangu atakuwa mzuri, wataacha kuniita mtoto wa zimwi. Leo ndiyo?"

Nikasikia vipande vya barafu vikigongana kwenye bilauri.

"Tutaongea nikirudi," Kanlaya akasema. "Mwambie shangazi akufungie nywele vizuri."

Kitendawili, wajukuu zangu! Nimekimeza bila kukitafuna, hakishuki wala hakitoki. Ni nini?

Sitaki mji. Nawapa jibu bure. Ni ule uongo wangu wa macho mabovu.

Wakatuita.

Watu wa kazi hii wana mila yao. Kabla ya kumpiga mwenzako kwenye tamthilia, unamwomba radhi kwanza kwa utakachomfanyia. Hata kama ni kofi la kuigiza, hata kama wewe ndiye mkubwa. Bila hivyo hakuna anayewasha kamera.

Mwongozaji, mwanamke mwembamba anaitwa Orawan, akatukutanisha. Kanlaya alikuwa na macho mekundu ya zimwi na nywele mpaka kiunoni. Lakini akakutanisha viganja akaniinamia kama siku ile.

"Bibi, hujambo?"

"Sijambo mwanangu… Naomba radhi kwa nitakachokufanyia."

"Hicho cha leo nimekusamehe, Bibi." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Kile cha sokoni hukukiombea radhi. Sikudai. Ila nina swali moja, linaninyima amani. Siku ile ulimpiga nani? Saengdao, au mimi?"

Nilifungua mdomo.

"Tayari!" Orawan akaita. "Kila mtu mahali pake!"

Nikaufunga.

Tukaanza. Wanakijiji wanapiga kelele, zimwi limefungwa kwenye mti, mimi natoka kwenye umati. Nikainua kandambili… ikamgusa kama nafukuza mbu.

"Kata! Bibi, kwa nguvu kidogo!"

Tukarudia. Mkono ukawa kamba.

"Kata! Bibi jamani!" Bwana Wirot akacheka kutoka kwenye kiti chake. "Sokoni ulipiga kama unaua nyoka! Leo vipi, umemwogopa?"

Watu wote wakacheka. Kanlaya naye akaniangalia, akaninong'oneza, "Piga tu, Bibi. Nimezoea."

Nimezoea!

Heri angenitukana.

Nikapiga. Nikapiga huku nimefumba macho, nikasikia "Safi sana!" na makofi.

Wakati mafundi wanapanga kuni za ule moto wa bandia, Orawan akamfuata bosi.

"Bwana Wirot, jua bado lipo. Nikimaliza kuchoma, niruhusu nirekodi na ule mwisho wa msamaha. Yote miwili iwepo, uchague mwenyewe."

"Wa nini? Mimi nafuata watazamaji, Orawan. Na mtazamaji wangu mkuu yule pale." Akanionyesha kidole. "Bibi! Watu wanataka zimwi lichomwe au lisamehewe? Ukisema lisamehewe, nampa Orawan ruhusa sasa hivi!"

Wote wakanigeukia. Mafundi wa taa, wanakijiji, Jum na brashi yake. Kanlaya pale kwenye mti.

Mlango ulikuwa wazi, wajukuu zangu. Neno moja tu! Lakini nikaiona ile pakiti ya ndizi yenye sura yangu. Nikawaona wale watu wanaotoka mikoani kuja kwa bibi anayechukia zimwi kuliko wote. Nikisema lisamehewe, nitakuwa bibi gani?

"Lichomwe," nikasema.

"Mmesikia!" Bwana Wirot akapiga paja.

Kanlaya aliinamisha tu kichwa. Na kwa mara nyingine nikawa nimempiga, safari hii bila kandambili.

Moto ukawashwa. Ulikuwa wa gesi, mbele yake mbali kidogo, lakini alivyolia yule mwanamke! Alilia mpaka mbwa wa hekaluni wakaanza kubweka. Halafu akaanguka kwenye majivu, kucha zake zote bado ziko vidoleni, akatulia.

"Kata!"

Hapo ndipo ilipo mila ya pili, na hii hata mwizi haivunji. Mtu akifa kwenye tamthilia, kamera haizimwi. Aliyekufa lazima afumbue macho, aiangalie kamera ileile iliyomwona akifa, acheke. Acheke kweli, meno yaonekane! Asipocheka, kifo kinamfuata nyumbani kwake.

Tukasubiri.

Kanlaya hakucheka.

"Haya, Kanlaya," Orawan akamwambia kwa upole. "Cheka, mama, uoshe nuksi."

Jum akakutanisha viganja akaanza kuomba. Wanakijiji wa bandia wakarudi nyuma hatua kadhaa, kweli wameogopa.

"Kanlaya, usitutanie!" Bwana Wirot akasimama. "Una mtoto wewe! Cheka!"

Kanlaya akafumbua macho. Hakuiangalia kamera. Aliniangalia mimi.

"Nitacheka," akasema, "Bibi akinijibu."

"Swali gani tena?" bosi akauliza.

"Bibi analijua."

Watu wote wakanigeukia kwa mara ya pili. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka. Kila kitakachosemwa pale kilikuwa kinaingia humo na hakitatoka.

Nikajiuliza, nikimdanganya nani atajua? Nikisema "Nilimpiga Saengdao, mwanangu, macho yangu mabovu," atacheka, tutafunga, tutakula wali tuliopikiwa, kila mtu atakwenda kwake. Nami nitabaki bibi wa watu, mpendwa wa watu, nimesamehewa na nchi nzima.

Lakini waliyemsamehe ni yule bibi mwenye macho mabovu. Mimi sijasamehewa na mtu, kwa sababu hakuna aliyeambiwa ni mimi! Shikeni hili, wajukuu zangu. Msamaha ulioombwa kwa jina la bandia haufiki kwa mwenyewe. Unabaki njiani, na wewe unabaki na deni lako.

Na kule nyumbani kuna mtoto amefungwa nywele, anamsubiri mama yake arudi akiwa mzuri.

Nikapita katikati ya wanakijiji. Nikafika pale, nikakaa chini kwenye majivu pembeni yake.

"Bibi, utachafuka," akaninong'oneza. Hata hapo alikuwa ananihurumia!

"Rekodi, mwanangu Orawan," nikasema. "Usizime."

"Sijazima, Bibi."

Nikamgeukia Kanlaya. Nikamtoa jivu kwenye nyusi.

"Nilikupiga wewe," nikasema. "Nilijua ni wewe, Kanlaya, mama yake Fai. Watu walikuwa wameinua simu, nami nilitaka ziniangalie mimi. Saengdao ningempigaje, mwanangu? Saengdao sijamchukia hata siku moja. Jioni ile alipomwacha yule mtoto mchanga, nililia, nikamwombea asamehewe."

Kanlaya akaigeukia kamera, akacheka, meno yote nje.